Kompyuta Yangu Ndogo na Tauni ya Jumamosi

Jumatatu, 13 Januari

Darcy ameandika kwenye kundi letu la michezo. Jumamosi tunaanza mchezo mpya, ule wa falme na bandari, je, kompyuta zetu zinauweza? Kirsten akajibu kwamba yake inauweza hata ikiwa imelala. Nami nikaandika kuwa yangu haina wasiwasi wowote. Niliandika kabla ya kujaribu. Niliandika kabla hata ya kusoma mahitaji.

Sasa nimeyasoma. Kompyuta yangu ni mpakato wa michezo, ndogo, niliyoichagua kwa sababu inaingia kwenye mkoba wa maktaba. Kumbukumbu: kiwango cha chini kabisa, hakuna nafasi ya kupumua. Kadi ya michoro: haimo kwenye orodha, ila dada yake mkubwa yumo. Mtandaoni kuna bwana mwenye kompyuta kama yangu anayesema mchezo unakwenda vizuri tu. Kuna mwingine anayesema yake ilikufa, na ujumbe huo ameuandika kwa simu ya mama yake. Nimewasoma wote wawili mpaka vidole vikapoa.

Ninachoogopa si mchezo. Wiki nzima nakaa na wakulima waliokufa karne ya kumi na tatu, kwa ajili ya tasnifu yangu. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watu walio hai huniita kwa jina. Viti vya mchezo ni vitatu. Kirsten ana mwenzake wa kazini mwenye kompyuta kubwa kama kabati, naye anangoja mmoja wetu aanguke.

Jumanne, 14 Januari

Nimeujaribu. Kila kitu nimekishusha hadi chini. Vivuli, hakuna. Miti, hakuna. Moshi na mawimbi, hakuna. Bahari ni bamba la kijivu. Raia wangu hawana nyuso. Wanakuja mlangoni mwa kasri, vichwa laini kama mayai, kuomba mkate. Nimeshindwa kuwatazama.

Lakini ulikwenda, siwezi kukataa. Kisha mji ukakua, watu wakawa wengi, na feni ikaanza. Analyn, mwanafunzi wa uuguzi ninayeishi naye, akauliza kutoka jikoni kama ninakausha nywele. Nikasema ndiyo. Akasema nywele zenyewe ni fupi, dada, utaziunguza. Muda si mrefu mchezo ukawa unajikokota, na vitufe vikawa vya moto hata nikaondoa mikono.

Hakuna anayejua. Nimeifunga na kuiwekea mto juu, kama vile inaweza kunisema.

Jumatano, 15 Januari

Nimepata wazo. Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na baridi hiyo yote inapotea bure. Kibaraza chetu cha mbele kina vioo lakini hakina hita. Ndipo tunapovulia buti. Nikaiweka kompyuta juu ya rafu ya buti, nikapitisha waya chini ya mlango hadi kwenye skrini ya sebuleni. Ajabu. Feni kimya. Mji ukakua, watu wakazaana, hakuna kilichokwama. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikaiingiza ndani. Ikaanza kutoka jasho. Matone kwenye kifuniko, matone kati ya vitufe. Nilisimama pale nikifuta miwani yangu, ambayo hupatwa na ukungu kila niingiapo ndani kutoka baridini tangu nikiwa shule ya msingi, huku nikijiuliza maji yale yanatoka wapi.

Analyn alizaliwa Cebu, ambako hakuna theluji.

“Dada, wewe si mzaliwa wa hapahapa Winnipeg?”

Nikasema ndiyo.

“Sasa ulilelewa na nani?”

Akainyakua, akaizima, akaizika kwenye gunia lake la mchele ili mchele unyonye maji.

Alhamisi, 16 Januari

Imo ndani ya mchele. Sijala. Analyn amekula, amepika kutoka gunia hilohilo na kusema wali una ladha ya umeme.

Siku nzima nimekuwa nikimsikia Darcy kichwani mwangu akiniambia pole. Darcy ni daktari wa mifugo, na ana sauti moja anayoiweka kwa ajili ya mbwa wazee. Atasema nisijali, nipumzike. Kisha atamkaribisha yule mtu wa kabati.

Jioni nimeiwasha nikiwa nimefumba macho. Imewaka. Punje moja ya mchele ikadondoka kutoka pembeni.

Ijumaa, 17 Januari

Leo tumefanya jaribio, kila mmoja kwake. Kibaraza nakiogopa, kwa hiyo nilichezea ndani. Darcy akaeleza jambo ambalo sikulijua: katika mchezo huu, wote husubiri kompyuta iliyo nyuma kuliko zote imalize hesabu zake. Mchezo hauoneshi ni ya nani. Dunia inasimama tu.

Dunia ikasimama. Meli za Darcy zikaganda baharini. Feni yangu ikalia, nami nikaziba kipaza sauti kwa kidole gumba.

“Jamani, nani anatuburuta?” Kirsten akauliza.

Nikasema kwa upole kwamba huenda ni theluji huko kwake Gimli, maana mtandao wa mashambani unajulikana. Kirsten akasema Gimli leo jua linawaka, anaona hadi ng'ambo ya ziwa, na waya wake wa mtandao umetandazwa msimu uliopita.

“Usiisingizie Gimli, Leonie. Imekukosea nini?”

Darcy akasema tuache, kesho tutajua. Kesho tutajua. Nimeyarudia maneno hayo nikipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu.

Jumamosi, 18 Januari

Baada ya chakula cha mchana. Kompyuta kando ya dirisha lililofunguliwa kidogo. Analyn alikuwa anasoma kochini akiwa na koti na kofia. Aliniuliza kama kuna mgonjwa humu ndani anayehitaji hewa safi kiasi hiki.

Miji yetu ilikuwa inajaa. Feni ilikuwa inapanda. Nikaona bandari ya Kirsten inauza nafaka kwa bei ya kutupa, nikanunua shehena ya meli nzima kabla mtu mwingine hajaiona. Nilijiona mjanja.

Kumbe juu ya bandari ile palikuwa na moshi mweusi, alama ya tauni. Kompyuta yangu haichori moshi. Raia wangu wakaanza kuanguka. Wafanyabiashara wangu wakaipeleka tauni kwa Darcy. Nilishika kichwa. Ndipo nikasikia kitu: kimya. Feni ilikuwa imetulia. Watu wachache, hesabu chache. Mchezo ukakimbia kama maji.

Darcy akashangaa jinsi leo mambo yanavyokwenda vizuri.

Waziri wangu asiye na uso akanishauri nifunge bandari. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Kila mara watoto walipoanza kuzaliwa na feni ikavuta pumzi, niliagiza meli nyingine kutoka bandari ileile. Sikujijua. Mikono ilikuwa yangu lakini ilikuwa inafanya kazi kwa niaba ya kompyuta.

Darcy akaniuliza, kwa ile sauti ya mbwa wazee, kama niko salama.

“Huyu ana roho ya jiwe,” Kirsten akasema. “Na mjue anasomea historia. Amejifunza kwa wenyewe.”

Kisha akaniuliza kama sikuuona moshi.

Darcy akasema, bila haraka, kwamba kama ni mambo ya kompyuta niseme tu. Kuna ramani ndogo, tutaichukua hiyo, hakuna anayejali. Alisema hivyo kabisa. Hakuna anayejali. Nilihitaji kusema neno moja tu.

Nikasema moshi niliuona vizuri sana. Nikasema nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Kirsten akapiga mluzi.

Jumapili, 19 Januari

Darcy amepiga simu. Amezungumza na Kirsten. Kwa kuwa kompyuta yangu haikuyumba hata mara moja, Jumamosi ijayo tutachukua ramani kubwa kuliko zote. Yule mwenzake Kirsten atakuja pia, kumbe kiti cha nne kilikuwepo siku zote. Mgeni huyo ameuliza kama mimi ni mkali hivi hata kwenye maisha ya kawaida. Na kwa vile kompyuta ya Darcy itakuwa na kazi kliniki, naye atatumia ya kuazima, ananiomba mchezo wa wote wanne ubebwe na yangu, ipige hesabu za kila mtu.

Nimemwambia ni heshima kwangu.

Nimeangalia utabiri wa hali ya hewa. Jumamosi jua, juu ya sifuri, theluji itayeyuka.

Sasa niko jikoni na rula. Kompyuta inaingia kwenye friza kwa ubavu, Analyn akikubali kuhamisha samaki wake. Waya nao utapita, mradi mlango usifungwe sana.