Mwajiri Wangu Ni Mke Wangu

Jumatano, 1 Agosti 1956

Mzee Nkwabi, mwenye nyumba wetu, amekuja asubuhi na kofia mkononi. Kofia mkononi ni dalili mbaya. Mwanawe Januari anarudi kutoka mgodi wa dhahabu wa Geita na mke na watoto, anataka vyumba vyetu. Tuwe tumetoka Septemba ikiisha. Mama Tabu akahesabu siku kwa vidole. Mimi nikacheka! Maana jana sokoni nimesikia Boma la serikali linawakopesha watu wa mjini fedha za kujenga. Nyumba! Yetu! Ya mabati! Mimi fundi baiskeli, mke wangu muuza vitumbua stesheni, na binti yetu Tabu analelewa kwa bibi yake huko Isaka kwa sababu hapa hana pa kulala. Nani anastahili kuliko sisi?

Jioni nimesikia Cornel, fundi cherehani wa baraza ya pili, ameshachukua fomu. Cornel! Mtu anayeshona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake!

Ijumaa, 3 Agosti

Bomani. Karani wa nyumba anaitwa Valerian. Soksi nyeupe mpaka magotini, rula mfukoni. Akaniuliza mwajiri wangu ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza nani anashuhudia kwamba nalipwa. Nikasema ni mimi pia. Akaweka kalamu chini polepole. Akanipa fomu, akasema anayeajiriwa alete barua ya mwajiri, mengine yameandikwa humo. Akaongeza kuwa viwanja vimebaki vitatu.

Nyumbani nikamtupia Mama Tabu fomu, sikuwa na haja ya kuisoma. Njiani nilishapata wazo. Wazo kubwa! Nusura niwagonge ng'ombe wawili na mchungaji wao.

Jumamosi, 4 Agosti

Wazo ni hili. Mama Tabu ananiajiri mimi. Mimi namwajiri yeye. Barua mbili, waajiri wawili, nyumba moja! Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele. Kisha akaniuliza mshahara wangu utakuwa kiasi gani. Nikamtajia. Akauliza kwa mshahara huo nitafanya kazi gani hasa. Swali la ajabu kwa mke kumwuliza mumewe.

Nimechonga mhuri kutoka kipande cha tairi. MWANAIDI NA WENZAKE, kwa jina la Mama Tabu. Kazi safi, saa tatu nzima. Nikaupiga. Maandishi yote yametoka kinyume! Mama Tabu akauliza wenzake ni akina nani. Nikasema ni mimi.

Jumatatu, 6 Agosti

Valerian aliiinua barua kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akauliza mhuri huu ni wa lugha gani. Nikasema Kihindi. Sijui kilichonipata! Akauliza ofisi ya mwajiri iko wapi, nikasema karibu na soko, bwana, karibu kabisa. Vema, akasema, Alhamisi mkaguzi atakuja kumwona huyo mwajiri. Nikamwambia karibuni sana. Nilitoka mbio mpaka barabarani.

Ila kwa nini niogope? Mwajiri yupo. Nimemwoa.

Jumanne, 7 Agosti

Mama Tabu amesema kama mkaguzi anakuja lazima tufanye mazoezi. Ameniamsha saa kumi na moja alfajiri. Nimetwanga mchele. Nimechekecha unga. Nimechota maji mara tatu. Mara ya nne nikachelewa, nikapewa onyo. Onyo! Mume! Na anataka nimwite Bi Mkubwa wakati wa kazi.

Nikakumbuka mimi pia ni mwajiri wake. Mchana nikamwamuru azibe pancha. Akaketi, akatoa mpira, akautia kwenye maji, akaona povu, akasugua, akapaka gundi, akabandika. Mwenye baiskeli, Msukuma mmoja wa kutoka vijijini, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatabasamu. Wabeja, mama, akamshukuru. Mimi hata hakunitazama. Kiraka changu cha juzi kwenye tairi hilohilo ndicho kilichokuwa kinavuja.

Jumatano, 8 Agosti

Nimefukuzwa kazi.

Kosa: vitumbua vinne. Nilivila nikiwa kazini, nakiri, lakini vilikuwa vya moto! Ameniandikia barua, mwandiko mzuri kuliko wa Valerian, akagonga na mhuri wangu mwenyewe. Kwa hasira nami nikamfukuza. Akasema sawa, akavua kanga ya kazi, akauliza nani atapika leo. Nikamrudisha kazini palepale. Yeye hakunirudisha.

Alhamisi, 9 Agosti

Siku yenyewe! Nimeazima kiti cha Cornel chenye mikono, nikamwomba Mama Tabu akikalie kama mwajiri. Amekataa, ana chuma cha vitumbua motoni. Basi nikakikalia mimi.

Mkaguzi ni mzee mmoja mpole, Bwana Gregory, mwenye futi ya kamba begani. Mama Tabu akampa shikamoo, akaitikia marahaba, akachungulia vitumbua. Kisha akanigeukia, akauliza kama mimi ndiye mfanyakazi wa Bi Mwanaidi. Nikafumbua kinywa.

“Nilimfukuza jana, bwana mkaguzi,” akasema Mama Tabu. Akamkabidhi na barua!

Bwana Gregory akaisoma yote. Alipofika kwenye vitumbua vinne akavua miwani, akafuta macho. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akala kimoja. Akasimama wima kama askari. Kumbe kila akisafiri kwenda Tabora huvinunua dirishani pa treni, miaka mitano sasa, na hajawahi kujua mpishi ni nani.

Akauliza kwa nini tulihangaika na barua za mwajiri. Mwenye kazi yake mwenyewe, akasema, anatakiwa kuleta wadhamini wawili tu wanaomfahamu. Imeandikwa nyuma ya fomu. Nyuma! Mimi ningejuaje kama fomu ina nyuma?

Mama Tabu alijua. Alishaijaza tangu Jumapili, kwa jina lake, na hapohapo akamkabidhi mkaguzi. Wadhamini: Mzee Nkwabi na Cornel. Ati alitaka kunieleza, lakini nilikuwa na furaha mno na mhuri wangu, akanihurumia.

Nimeketi kwenye kiti cha Cornel mpaka Cornel alipokuja kukichukua.

Jumatatu, 20 Agosti

TUMEPATA! Kiwanja na mkopo! Nimecheza ngoma mbele ya meza ya Valerian mpaka akaniomba nikachezee nje. Nje nikaendelea. Askari wa Boma akanipigia makofi.

Jina ni la Mwanaidi peke yake. Aliponiona nalisoma mara mbili, akaniambia taratibu: “Baba Tabu, mlango wa mbele utauchagua wewe.” Ilibidi nijifanye vumbi limeniingia machoni. Jirani yetu atakuwa Cornel, lakini hata hilo leo nimelisamehe.

Jumapili, 26 Agosti

Msingi umeanza kuchimbwa. Mama Tabu ameondoka kwa treni kumfuata Tabu, atarudi Jumatano. Stesheni aliniapisha, mbele ya watu, kwamba sitabuni jambo lolote hadi arudi. Nikaapa. Kwa moyo wote! Treni ikaondoka.

Nikiwa natoka stesheni nikakutana na mtu wa Masumbwe, akaniambia kuna tajiri wa pamba anatafuta dereva wa lori mwenye uzoefu wa miaka sita. Mshahara mnono! Sijawahi kuendesha lori. Lakini naijua baiskeli ndani na nje, na lori ni baiskeli yenye magurudumu ya ziada. Kinachohitajika ni barua tu ya mtu niliyemwendeshea. Nimeshaiandika, nzuri sana, bado sahihi ya Cornel.

Cornel hana lori. Hilo ni jambo dogo. Tajiri hajui.