Ubao Haungoji Jumamosi

Ofisi ya Misheni, Bergen na kaskazini yote, inatangaza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ubao wetu wa uhamisho haujawahi kukosea. Tamko hili nililiandika mwenyewe, nikalisoma mwenyewe mbele ya wamisionari wote, na makofi nikayaanzisha mwenyewe.

Mimi ni Mzee Ludlow, Msaidizi wa Rais wa Misheni. Nina miaka ishirini na moja. Kwetu Wamormoni, kijana akishavaa tai na beji nyeusi huitwa Mzee, kwa hiyo msishangae. Hekima huja pamoja na beji.

Ubao wenyewe ni wa chuma, umemeza ukuta mzima wa ofisi. Kila mmisionari ana picha yake pale, imeshikwa na sumaku chini ya jina la mji anaotumikia. Wakati wa uhamisho ukifika, Rais Ballif hufunga, husali, kisha husogeza picha. Picha ikihama, mwenye picha anafungasha. Haulizwi, wala haulizi.

Safari hii Rais alikwishamaliza kazi akaenda kula. Nikafungua dirisha, upepo wa mvua ukaingia, picha ya Mzee Whitlock ikaanguka. Mtu wa kawaida angesema sumaku imechoka. Mimi sina tabia ya kudharau ishara. Niliiokota, nikatafuta penye nafasi, nikaibandika Skarvnes, kule juu kabisa kaskazini mwa nchi, Finnmark, ambako jua likishaaga Novemba halirudi mpaka mwaka mpya. Kisha nikampigia simu kumpongeza: meli ni Jumatano.

Akaja ofisini ameloa chapachapa, mwenzake nyuma yake, maana kwetu hakuna anayekwenda popote peke yake.

"Mzee, niache mpaka Jumamosi tu," alisema. "Jumamosi nambatiza Gudny."

"Atabatizwa na mwingine. Maji ni yale yale."

"Hataki mwingine. Ameacha kahawa kwa ajili hii."

Kwetu kahawa ni mwiko, na anayetaka kubatizwa sharti aiache kwanza. Gudny Tveit ni mjane, mzaliwa wa Bergen, na katika mji huu nimeona watu wakiacha waume kwa wepesi kuliko kahawa.

"Ameacha kwa ajili ya Bwana, si yako," nikamsahihisha.

"Basi mwambie wewe."

Sikupata shida ya kumtafuta. Kesho yake alikuja mwenyewe na koti lake la mvua, akatua themosi juu ya meza yangu.

"Humo mna nini, Bi Gudny?"

"Unajua mna nini."

"Uhamisho ni mchakato wa kiroho wenye ngazi zake, na utekelezaji wake..."

"Kijana, nisikilize. Mume wangu alipokufa, wenzako waliniletea vipeperushi. Yule mtoto alileta koleo. Alinitolea theluji mlangoni majira yote ya baridi, na neno la dini hakulitaja mpaka nilipomuuliza mwenyewe. Naogopa maji tangu utoto. Siingii humo kwa mkono wa mtu nisiyemjua. Akipanda meli Jumatano, naifungua hii hapa hapa, na wewe nakumiminia."

"Ubao haungoji Jumamosi," nikamjibu. Sentensi hiyo ilinipendeza sana, nikaiongeza kwenye tamko.

Gudny akachukua themosi yake akaondoka bila kuaga. Dada Ballif, mke wa Rais, alikuwa pembeni anafuta vumbi kwenye rafu.

"Mzee Ludlow, nieleweshe," alisema. "Chochote kilichoko ubaoni ni uvuvio?"

"Chochote, Dada."

"Hata aliyebandika awe nani?"

"Mkono ni chombo tu."

"Asante, mwanangu. Nilitaka kujua."

Mimi na mwenzangu, Mzee Sorensen, tukaenda kula. Tuliporudi ubao ulikuwa unang'aa. Mzee Whitlock alikuwa amerudi Bergen. Skarvnes palikuwa na picha yangu, ile ninayotabasamu.

"Dada, kuna hitilafu ubaoni."

"Nilikuwa nafuta vumbi, zikaanguka mbili. Sumaku za siku hizi! Nikaziokota, nikaziweka nilipoona pana nafasi."

Nilimwita Rais. Aliutazama ubao, akamtazama mkewe, akautazama tena ubao, kisha akasema anasikia amani kuu moyoni. Ameoa miaka mingi, amani anaijua inakotokea.

Utaratibu unataka Msaidizi ampigie simu anayehamishwa na kumpongeza. Nilikaa na simu mkononi, sijui pa kuanzia. Mzee Sorensen akanionea huruma, akasogea dirishani, akanipigia yeye.

"Hongera, Mzee," alisema. "Jipange. Chukua soksi nzito."

Nikarudi kwa Rais. Nilimwomba nibaki mpaka Jumamosi tu, niushuhudie ubatizo, kisha ningekwenda kokote. Alinisikiliza kwa upole, akanishika bega.

"Mzee Ludlow, ubao haungoji Jumamosi."

Mzee Sorensen akaanzisha makofi.

Jumatano mvua haikukatika. Nilikuwa bandarini na wenzangu wawili waliohamishwa kaskazini, tunasubiri meli, nikamwona Gudny anakuja na themosi. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," alisema. "Ni maji ya moto. Kahawa nimeimwaga jana. Kule utaganda, kijana, na sidhani kama kuna mtu atakuletea koleo."

Nikaipokea themosi kwa mikono miwili. Nikasema asante.

Nje ya bandari meli ilianza kuyumba, na baridi ikaniingia hadi kwenye beji. Nikafungua themosi. Maji yalinuka kahawa tupu, maana chombo kilichoibeba miaka yote ile hakitubu kwa siku moja. Kwa mujibu wa kanuni nilipaswa kuyamwaga baharini. Niliyanywa yote.