Mashine ya Joto Yatafutiwa Ukuta

Jumatatu, 3 Juni

Tumepata mashine ya joto! Pampu yenyewe! Inavuta joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata siku ya baridi ya kutafuna mifupa, inalileta ndani. Ameinunua kifunguamimba wangu, Injinia. Nimemzaa mimi, niliyeishia darasa la saba! Hujambo, daftari? Salamu zimenipita kwa furaha.

Sababu ni mjukuu. Ana wiki tano. Injinia na mumewe watakuja kukaa mwezi mzima. Ila amesema wazi: nyumba yetu ikibaki barafu, watafikia kwa mkwe wangu, mama wa mumewe. Huyo sakafu yake ina joto. Namwita Bibi Sakafu, humu daftarini tu. Mjukuu wangu mwezi mzima mikononi mwa Bibi Sakafu? Thubutu!

Jumanne, 4 Juni

Fundi kaja. Nikamwambia lile sanduku la mashine linalokaa nje alifunge mbele, kando ya mlango, barabarani waone. Akasema nyuma, kwenye uwazi, lipate hewa. Nikamuuliza ameona wapi mtu kuvaa hereni kisogoni. Akasema Mama, hii ni mashine, si hereni. Mkaidi! Mume wangu akadakia toka nyuma ya gazeti: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu aliyetunga methali hiyo hakuwa na cha kuuza.

Fundi alipokwenda kula, nikafuta alama zake za chaki ukutani. Nikachora zangu mbele. Vipimo vilevile, sikudanganya hata inchi. Aliporudi akauliza nani kazihamisha. Nikasema labda upepo. Akanionya kwamba chumba cha mtoto kiko mbele, mashine itamvumia. Nikasema itambembeleza. Akashusha pumzi, akachukua kekee, akatoboa.

Jumatano, 5 Juni

Imefungwa mbele! Wapita njia wanapinda shingo. Muuza maziwa kauliza hilo friji mbona limelala nje. Nikamweleza mara tatu. Hakuelewa. Nikamweleza ya nne.

Tatizo vumbi. Nikaifunika na kitambaa changu cheupe cha kufuma, chenye maua, miezi minne ya sindano. Televisheni ina chake, redio ina chake, sembuse mgeni huyu? Nikakibana kwa vibanio vya nguo. Kapendeza kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Nyumba imeamka baridi kama kisima. Mashine ya joto imeota barafu! Mume wangu kavaa sweta mbili, kola hadi masikioni.

Hapohapo Bibi Sakafu akapiga simu, sauti ya asali. Eti ameshatandika kitanda cha mtoto, endapo tu. Endapo! Nikakata simu, nikampigia fundi.

Fundi akaja mbio. Akakiona kitambaa. Akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi. Kasema nimeiziba pua. Kisha akakiondoa, akaiwasha, akaniambia niende chumba cha mtoto nikasikilize. Nikajilaza kitandani. Mngurumo mtupu, kama shemeji yangu akishiba. Hapo hapati usingizi mtoto. Nikatoka, nikamwambia aihamishie nyuma, na kwamba wazo ni langu. Akasema haya, Mama, wazo ni lako. Mtu mwenye adabu sana yule.

Ijumaa, 7 Juni

Iko nyuma! Ukuta wa upande wa kamba ya nguo, mbele yake hatua tatu hakuna kitu. Jioni nyumba imeiva. Mume wangu kavua sweta zote mbili, ana shingo, nilikuwa nimesahau. Injinia kapiga simu. Nikaelekeza simu chumba cha mtoto asikie kimya. Akasema Mama, tunakuja kwako Jumapili. Nikalia kidogo. Nikampigia Bibi Sakafu kumjulia hali. Nilimjulia hali nusu saa.

Jumamosi, 8 Juni

Lakini huko nyuma nani ataiona? Basi nimealika mtaa mzima. Nimeazima viti ishirini na vinne, nimeizungushia mashine safu tatu, goti kwa mashine. Fundi alipitia kuchukua ngazi yake, akashika kichwa. Akauliza hewa itapita wapi, Mama. Nikamwambia viti vitakaliwa na watu, na watu wana joto lao, wengine jingi tu. Mashine itavuta hapohapo bila kuhangaika. Kabeba ngazi yake, kaenda zake. Kasomea miaka miwili, hakufundishwa hilo!

Bibi Sakafu kiti chake ni cha mbele kabisa. Mjukuu atafika na wazazi wake, majirani watakuwa wamekaa tayari. Nimewaambia wote wasichelewe: kesho, Jumapili, saa nne asubuhi.