Mwenyekiti wa Chama cha Lakweli

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Msambweni.

Siku nyeusi. Bwana Suleiman, karani wa kiwanda cha sukari Ramisi, amekuja dukani kwangu na gazeti la mwezi uliopita kwapani. Ameketi juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akafasiri: kampuni kubwa ya Danimoo, wenye malori yale ya kubebea makonge, wamelinunua Lakweli. Karakana, jina, michoro, kila kitu.

Nimeweka mkasi chini. Nimemwomba asome tena. Habari ikawa ile ile.

Atakayesoma shajara hii baada yangu, wajukuu inshallah, ajue Lakweli ni nini. Ni gari dogo la viti viwili, limelala chini kama mkeka, taa zake zimetokeza kama macho ya kaa. Ndugu wawili hulitengeneza kwa mikono huko Uingereza, kama mtu anavyochonga mlango. Wenyewe huandika Larkwell. Sisi twasema Lakweli, na hakika ni gari la kweli. Pwani hii ya kusini yapo mawili. La Suleiman, ambalo hutembea. Na langu, nililoachiwa na mzungu wa shamba la makonge aliporudi kwao, ambalo kwa sasa halitembei. Hiyo "kwa sasa" mke wangu Mwanaima huicheka. Kuku wake hutagia kwenye kiti cha abiria.

Tuna chama. Mimi, Chirau mshonaji, ndiye mwenyekiti; Suleiman katibu. Fundi Ziro wa Kombani, atengenezaye mabasi, ni mwanachama asiye na gari lakini mwenye spana.

Mkutano wa dharura umefanyika papo hapo. Suleiman amefurahi. Asema sasa vipuri vitajaa Mombasa. Nimemwambia papa akimmeza dagaa, dagaa hapati nguvu za papa. Akasema nina husuda kwa kuwa gari lake latembea. Tumeachana bila kuagana vizuri. Nimefunga utepe mweusi kwenye boneti ya gari langu.

Jioni Mwanaima ameuliza pindo la buibui lake limekwenda wapi. Nimemwambia tuko msibani.

Jumanne, 6 Agosti.

Utepe nimeufungua.

Jemima, mtu wa Kinango ambaye ni dobi wa hoteli moja kule Diani, alikuja kuchukua sare za wahudumu ninazozishona. Katika mazungumzo akataja mgeni wao mpya. Mzungu mzee, mkimya, hukaa barazani kutwa akitazama mchanga. Sanduku lake ni la ngozi, limepigwa chapa ya dhahabu: DANIMOO.

Nilijichoma sindano na sikusikia maumivu. Mtu mkubwa wa Danimoo haji Diani kutazama mchanga. Amekuja kisirisiri kutafuta wakala. Wakala wa Danimoo na Lakweli, kutoka Likoni mpaka Vanga. Nilijiona nimesimama mlangoni pa duka kubwa, nimevaa kofia mpya. Nikamsihi Jemima asimwambie mtu, hasa Suleiman. Akauliza kwa nini hasa Suleiman. Nikamwambia ni mambo ya biashara, asingeyaelewa. Akaniambia kwamba ameyaelewa sana.

Kuhusu papa na dagaa, nimelitafakari upya. Dagaa aliye ndani ya papa husafiri mbali.

Kikwazo ni kimoja. Kwa mtu wa Danimoo siwezi kwenda na basi. Gari langu lina kila kitu ila kabureta, ambayo ndiyo huchanganya petroli na hewa. Bila kabureta gari ni kabati. Na kabureta ya Lakweli iko moja tu pwani hii. Imo katika gari la Suleiman.

Alhamisi, 8 Agosti.

Kwanza nieleze shughuli iliyopo. Biasha, binti yake Suleiman, aolewa Jumapili. Bwana harusi ni kijana wa Gazi, na mimi ndiye nishonaye kanzu yake. Suleiman ameutangazia mji mzima kwamba binti yake atapelekwa kwa mumewe ndani ya Lakweli.

Nimemwendea leo kwa unyenyekevu. Nimemtaka radhi kwa maneno ya Jumatatu. Kisha nikasema, kama mwenyekiti, ingekuwa aibu gari la harusi likohoe mbele ya wakwe. Kabureta yafaa ichemshwe kwa siki na ndimu, na mimi niko tayari kuichemsha kwa heshima ya Biasha.

Alinishika mkono. "Mwenyekiti," akasema, "wewe ni ndugu." Akaifungua mwenyewe, akaizungushia leso safi, akanikabidhi.

Moyo ulinichoma. Nikauambia moyo kwamba Jumamosi nitakwenda Diani, Jumapili asubuhi kabureta itarudi mahali pake, na hapana atakayeumia. Moyo ukanyamaza. Labda umekata tamaa.

Nimeichemsha kweli, ili yasiwe maneno ya uongo. Nimetumia sufuria ya wali. Mwanaima hajajua bado.

Ijumaa, 9 Agosti.

Baada ya swala nimekariri hotuba nitakayomtolea mtu wa Danimoo. Nimeikariri nikiwa natia mikono kanzu ya bwana harusi. Yote mawili yamekwenda vizuri, nadhani.

Mwanaima amejua kuhusu sufuria.

Jumamosi, 10 Agosti.

Ziro alikuja na basi la kwanza, akaifunga kabureta. Sikumwambia imetoka wapi, naye si mtu wa kuuliza. Kuku walihamishwa. Akatia hendeli, akazungusha. Gari likakohoa, likapiga chafya, likanguruma. Mwanaima akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama, hakusema neno. Kwa Mwanaima hiyo ni shangwe.

Sijapata kuonja raha kama ile. Vumbi jekundu nyuma yetu, minazi ikirudi nyuma mbio. Upepo ukanipokonya kofia na sikurudi kuiokota. Karibu na Gazi punda alitukimbia. Ukunda watu walitoka madukani kututazama. Ziro, ambaye hucheka kwa nadra kama mvua ya Kinango, alikuwa akicheka meno yote nje. Nilipiga honi kila nilipoona kiumbe, na pasipokuwa na kiumbe nikapiga pia.

Njia ya kuteremkia hotelini ni mchanga mtupu. Gari likazama mpaka milangoni, mbele ya baraza kabisa. Kwa hiyo tulikuwa tumefika.

Mzee alikuwa peke yake kitini. Nikajipangusa vumbi, nikapanda ngazi. Jemima, shuka za wageni mikononi, akakubali kutafsiri. Nikasema: shikamoo, Bwana Mkubwa. Sisi watu wa pwani ya kusini twaishukuru Danimoo kwa kulichukua Lakweli. Lilikuwa yatima. Waliokuwa wakilitengeneza ni wazee wawili wasiojua biashara, wakipigapiga bati bandani. Sasa gari limepata baba.

Jemima akatafsiri yote bila kupunguza neno. Mzee akaliangalia gari lililozama mchangani. Kisha akasema, "Larkwell."

Nikamwambia naam, hilo ndilo gari lenyewe.

"Asema hapana," akasema Jemima. "Asema Larkwell ni yeye."

"Yeye vipi?"

"Ndilo jina lake, Bwana Chirau. Ni mmoja wa wale wazee wawili wa bandani. Lile sanduku alipewa na Danimoo siku ya kumuaga."

Nilitamani mchanga unimeze mimi pia. Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Nikaanza hotuba ya pili, kwamba Danimoo ni mnyang'anyi, na kwamba Jumatatu nilikaa msiba. Jemima akakataa kuitafsiri. Alisema hotuba moja kwa siku yamtosha, na shuka zangoja pasi.

Wala haikuwa na haja. Mzee alikwisha teremka ngazi bila viatu. Alikuwa amepiga magoti mchangani, akipapasa boneti kama mtu apapasavyo shavu la mtoto aliyerudi kutoka safari. Akasema mengi kwa sauti ndogo, na Jemima akatuambia. Ndugu yake alifariki mwaka jana. Mikono yake yeye yatetemeka, hawezi tena kunyoosha bati. Ndiyo maana akauza. Akaja Diani kwa sababu alidhani huku hapana mtu atakayemtajia Lakweli.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na sisi tukacheka naye, hata mimi niliyekuwa nimemwita mpiga bati.

Aliomba gari libaki kwake hata kesho alitengeneze kidogo, kwa jinsi mikono itakavyomruhusu. Nani amkatalie aliyelizaa gari? Nikasema ndiyo, kwa moyo mkunjufu. Mimi na Ziro tukarudi na basi, tukiimba.

Tulipofika Gazi ndipo nilipoikumbuka kabureta.

Jumapili, 11 Agosti.

Suleiman alikuja mapema kuchukua kabureta yake. Alikwisha vaa kanzu mpya nyeupe niliyomshonea. Nikamwambia yakauka. Akaja tena. Nikamwambia ndimu huchelewa kukauka. Safari ya tatu akaja na dada yake, Mwanatumu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba kabureta iko kwa bingwa.

"Bingwa gani?" akauliza Mwanatumu.

Kabla sijambuni, honi ikalia. Lakweli langu likatokea kwenye kona ya msikiti, lang'aa kama sahani, lavuma taratibu kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mzee Larkwell ndiye dereva. Kando yake Jemima, katika gauni la kanisani, akimwonyesha njia.

Suleiman alipoambiwa yule ni nani, alisahau kabureta. Nadhani alisahau na harusi. Alimshika mzee mikono miwili, na aliyetetemeka zaidi alikuwa Suleiman. Kisha akanigeukia, macho yamelengwa na machozi, akaniuliza kama ni mimi niliyemleta. Nikamwambia mwenyekiti hufanya awezalo.

Ikakatwa shauri: Biasha apelekwe na mwenye Lakweli mwenyewe. Hapo Mwanatumu akasema mwanamwali hakai peke yake garini na mwanamume, awe mzungu, awe mzee, awe nani. Viti ni viwili tu. Basi Biasha akakaa kiti cha abiria, nikamshonea pazia la haraka la kumsitiri, na shangazi mtu akapanda nyuma mahali linapokunjwa turubai, mwavuli mkononi. Gari liliinama nyuma, pua ikatazama juu. Mzee akasema kupitia kwa Jemima kwamba hawakuwahi kulijaribu namna hii kiwandani, na yuko tayari kujaribu.

Vigelegele vilitoka Msambweni mpaka Gazi. Sisi tulifuata kwa lori. Mzee alipungia mkono kila mtu na kila mnazi. Mwanatumu alimwelekeza njia kwa Kidigo, naye akamjibu kwa Kiingereza, na hawakupotea hata mara moja. Gari likasimama kwa madaha mlangoni pa bwana harusi. Biasha akaingizwa ndani kwa nderemo.

Mambo yangeishia hapo. Ni mimi niliyetaka wageni walione tumbo la gari. Nikafunua boneti.

Mzee akainama, akaanza kusifu. Jemima akatafsiri: asema hajapata kuona kabureta safi namna hii, tena yanukia ndimu. Wageni wakacheka. Suleiman naye akainama anuse. Ubavuni mwa kabureta ipo herufi S, aliyoikwaruza mwenyewe kwa msumari zamani.

Aliinuka polepole. Hakupaza sauti. "Bwana Chirau," akasema, "binti yangu angekwenda kwa mumewe kwa miguu."

Nikamwambia, lakini hakwenda kwa miguu. Sasa naona hilo halikuwa jawabu zuri.

Akaomba spana kwa Ziro, akaifungua kabureta, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Mafuta yakaenea kwenye kitambaa cheupe mbele ya macho yangu. Kisha akaingia kula pilau. Sikukaribishwa, ila Mwanatumu aliniletea sahani nje. Alisema ni kwa ajili ya pazia.

Jumatatu, 12 Agosti.

Chama kimekutana kibarazani kwa Suleiman. Nimeondolewa uenyekiti. Suleiman alitoa hoja, Ziro akaiunga mkono huku akitazama miguu yake. Mwenyekiti sasa ni Suleiman. Katibu ni Jemima, kwa kuwa atafsiri bila kupunguza. Mzee Larkwell, aliyealikwa, amefanywa mlezi, na kwa furaha amempa Jemima lile sanduku la Danimoo atilie sabuni.

Baada ya kikao nilimwendea mzee kumuaga, maana arudi kwao wiki hii. Aliniambia kwamba alikuja pwani akiwa mtu aliyemaliza kazi yake, na anaondoka akijua kazi yake ingali inapeleka maharusi. Maneno mazuri sana. Nikaona wakati umefaa, nikamwuliza kuhusu uwakala. Akajibu kwamba ameuza vyote, hana uwakala hata wa skrubu.

Mwanaima akaniambia nipeleke halwa kwa Suleiman na kumwomba msamaha bila kuongeza neno lingine. Nilikwenda. Niliomba. Suleiman akamimina kahawa vikombe viwili. Akasema amesamehe kabureta na kanzu yake pia. Uenyekiti harudishi. Akaongeza kwamba kanzu ya bwana harusi mkono mmoja ni mfupi, na watu wa Gazi bado wanacheka.

Nilirudi nyumbani nimeguswa. Nimeapa kuanzia leo ni cherehani tu. Hila nimeziacha.

Jumatano, 14 Agosti.

Sijalala vizuri kwa furaha. Nimeona kosa letu liko wapi.

Lakweli halikununuliwa kwa sababu lilikuwa baya. Lilinunuliwa kwa sababu lilikuwa dogo. Na chama cha Suleiman je? Katibu dobi, fundi mmoja, mlezi aliyeko melini. Kidogo mno. Chaomba kununuliwa.

Kwa hiyo asubuhi ya leo nimeanzisha Chama Kikuu cha Wapenda Magurudumu, Pwani na Bara ya Kwale. Tutapokea wenye magari, baiskeli, mikokoteni na matoroli. Tukishakuwa wengi tutakinunua kile cha Suleiman kwa heshima zote, na yeye tutampa sanduku la ngozi lenye chapa yetu.

Mwanachama wa kwanza ni mimi, na ndiye mwenyekiti. Wa pili ni Mwanaima, kwa ajili ya toroli lake la kuni. Bado sijamwambia.