Saa Moja Tu Angani, Gaborone hadi Francistown

Jumatano, 3 Septemba 2025

Othusitse kapiga simu. Mdogo wangu, tumbo moja. Eti Jumamosi twende wote Tonota kwa pikapu yake, kwenye posa ya Gofaone, binti wa dada yetu. Eti kaka, utakaa mbele, utanyoosha miguu. Ukarimu huu umetoka wapi? Kibaya chajitembeza! Dada kashasema: mjomba atakayewahi ndiye atakayewajibu wakwe, na kichwa cha ng'ombe ni chake. Mimi mkubwa nikose kichwa? Najua mpango wake. Gari litamharibikia njiani, Mahalapye, makusudi, kisha anikimbie kwa lifti. Nimekataa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepima ramani kwa uzi. Gaborone hadi Francistown, kilomita mia nne na ushee. Kwa barabara saa tano. Kwa ndege saa moja! Nimekata tiketi. Binti wa dirishani kasema saa moja na dakika kumi. Hizo kumi za nini? Kacheka. Kisha kauliza, mzee, Tonota si iko kabla ya Francistown? Ni kabla, lakini yeye inamhusu nini? Nani kamtuma?

Jumamosi, 6 Septemba

Balaa! Nimefika uwanjani alfajiri. Tukaambiwa tungoje, fundi anaikagua ndege. Nikamtazama yule fundi. Sura ya rafiki wa Othusitse kabisa! Tumeruka jua limeshakuwa kali.

Sijakaa sawa, naona Tonota chini. Paa la dada. Moshi wa jikoni. Na pikapu ya Othusitse uani! Nikamwamuru mhudumu wanishushe hapo hapo. Kasema mzee, hii si basi, funga mkanda. Rubani kapitiliza bila haya! Huko Francistown nikangoja begi, nikangoja teksi, nikarudishwa njia ile ile niliyotoka.

Nimekuta wakwe wameshajibiwa. Dada kanifokea mbele ya watu: mzee mzima, umetupita juu ya vichwa! Wazee wakacheka hadi kukohoa. Gofaone kasema polepole, mjomba, nilitaka uwe wewe. Hapo machozi yalinilenga. Nimesingizia moshi.

Othusitse anadai aliwasihi wakwe wasubiri, kaka mkubwa yuko angani. Wakasubiri, wakachoka, ndipo akasema yeye. Tena kanitunzia kichwa, beseni zima, limefunikwa kwa kitambaa. Nimefunua. Ulimi haujaguswa! Mtu mwenye akili timamu aache ulimi? Kuna jambo. Sikutia mdomoni. Wazee wamekimaliza, nami nalala na njaa. Mpaka sasa hakuna aliyeumwa tumbo. Wanajikaza tu.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi Othusitse kaniita tena: kaka, panda, turudi wote. Anang'ang'ania nini huyu? Nikamwambia atangulie, tutaonana Gaborone, na atanikuta. Kacheka, kaniachia chupa ya maji. Nimeimwaga.

Niko uwanja wa Francistown. Wanasema leo hakuna ndege. Leo tu, siku ninayosafiri mimi! Nimeandika jina la aliyenijibu.

Jioni Othusitse kapiga simu. Anasema ameshafika nyumbani, anakunywa chai. Nani kamwona? Ndege ni kesho asubuhi. Saa moja tu. Nitamtangulia.