Randa ya Mjomba na Jumapili ya Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Jembe langu, daftari langu, shika kurasa vizuri, wiki hii ni moto. Jumapili ijayo ni Jumapili ya wageni. Kila muumini alete mtu mmoja asiyesali. Nimeshatangaza mbele ya vijana wote kwamba namleta Mjomba. Walicheka mpaka mpiga kinanda akashika mbavu.

Mjomba ndiye mwenye karakana ya useremala ninakofanya kazi. Kanisa aliliacha miaka sita iliyopita. Aliugua mgongo, kanisa zima likamwambia tunakuombea, hakuna aliyempelekea hata kikombe cha maji. Sasa ukimtajia ibada anakuuliza kama umemaliza kupiga msasa.

Jana Mchungaji ametuambia tusiwachoshe watu kwa maneno, waone matendo. Nimeelewa. Matendo yaonekane! Kazi iko kwenye kuonekana.

Leo nimeimba pambio huku napiga msasa. Mjomba ameuliza nani kafiwa.

Jumanne, 4 Machi

Tendo jema la kwanza. Nilimngoja Mjomba aingie, ndipo nikaanza kufagia. Kwa nguvu. Kwa unyenyekevu. Vumbi lote likatua kwenye kabati ambalo Kimya alikuwa ametoka kulipaka vanishi.

Kimya ni fundi rangi wetu. Tunasali kanisa moja. Anakaa benchi la nyuma, hajawahi kutoa ushuhuda hata wa dakika moja. Kwa mambo ya kuvuta watu, mzigo tu. Akalitazama kabati, akasema hamna neno, mdogo wangu, akachukua msasa, akaanza upya. Asubuhi yake yote ikaishia hapo. Na Mjomba akawa anamtazama yeye! Aliyefagia ni nani?

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia chooni, mahali tulivu. Randa ya Mjomba, ile ya kulainishia mbao. Ya mbao, aliachiwa na babu, imeng'aa kwa jasho la watu wawili. Hamwazimi hata malaika. Ikipotea ataumia. Nikiipata mimi na kumrudishia, lazima aulize kijana huyu uaminifu kautoa wapi. Nami nitajibu: kanisani, Mjomba. Kwisha kazi.

Jioni Mjomba ameondoka. Kimya alikuwa uani anaosha brashi. Nimeizika randa kibarazani, ndani ya gunia la maranda, yale mabaki membamba ya mbao. Kesho saa nne naiokota. Kufunga mlango nimemwachia Kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba ameingia, akanyoosha mkono ukutani, mkono ukabaki hewani. Akapekua karakana nzima, mpaka kwenye kopo la gundi. Nikamwacha ateseke kidogo, furaha iive. Saa nne nikaenda kibarazani. Hakuna gunia! Nilisahau Alhamisi ni siku ya mama wa kuku. Huja alfajiri kuchukua maranda ya kutandika bandani.

Hapo mteja mwenye lile kabati, aliyekuja kulikagua na hakuombwa neno, akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na jana nani alifunga? Mjomba akageuka polepole. Akamwambia Kimya kwamba Jumamosi saa sita mchana randa iwe ukutani, la sivyo akusanye brashi zake aende. Mimi, damu yake, hata hakuniuliza. Kimya, ambaye mkewe amejifungua juzi tu, akajibu kwamba hakuichukua. Akaendelea kupaka.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka: tumwombee ndugu yetu.

Kimya akasema amina. Amina!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeaga naumwa tumbo.  Nikaenda kwa mama wa kuku, nikamweleza yote, maana bila hivyo asingenifungulia banda. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nichakure, kuku wenyewe wanachakura kila siku na hawalalamiki.

Saa tano mpaka saa tisa. Nimeipata kona ya mwisho. Kuku mwekundu ameikalia, anaatamia! Nimedonolewa mara saba. Randa ninayo. Ina harufu.

Sasa fikiria nami. Nikisema nimeificha mwenyewe, wiki nzima imepotea bure. Nikisema nimeoneshwa ndotoni, bado kuna matumaini.

Jumamosi, 8 Machi

Saa sita kasoro robo nimeingia, randa mikononi kama sadaka. Kimya alikuwa ameshafunga brashi zake kwenye gazeti. Nikasema kwa sauti ya madhabahuni kwamba usiku nimeota, nikaongozwa mpaka kichakani, na tazama! Mjomba akaipokea. Akainusa. Akabandua unyoya. Akauliza kama huyo aliyeniongoza huwa anataga.

 Mama wa kuku huyu hapa mlangoni, na kofia yangu niliyoisahau bandani! Akaniambia mwanangu, siku nyingine ukificha vitu vya watu usimsumbue kuku wangu. Kisha akasalimia.

Mjomba aliokota kipande cha mbao. Mninga, Jembe. Mzito. Kimya akatangulia kusimama katikati yetu. Akasema mzee, aliyeharibiwa jina ni mimi, na mimi nimeshamsamehe tangu Alhamisi. Ndiyo, alijua! Jioni ile aliniona natoka kibarazani, maranda mpaka viwikoni. Mjomba akamuuliza kwa nini hakusema, na kazi ilikuwa inamtoka. Akajibu kwamba alitaka niseme mwenyewe, ili nilale vizuri.

 Mjomba akakaa juu ya lile kabati ambalo mwenyewe hajalichukua. Akamwomba Kimya radhi. Mjomba huyu! Hata mama yangu, dada yake, hajawahi kuombwa radhi naye. Kisha akauliza, akiwa anatazama sakafu, hivi ibada yenu inaanza saa ngapi.

Nikaruka: saa tatu kamili, Mjomba, nitakufuata nyumbani! Akasema amemuuliza Kimya. Mimi nioshe randa.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja! Shati limepigwa pasi. Nilikuwa nimemwekea kiti cha mbele chenye mto. Akapita kama haoni, akakaa benchi la nyuma, ubavuni kwa Kimya, amempakata yule mtoto mchanga. Hakuimba. Wakati wa sala aliinamisha kichwa, akachelewa kukiinua.

Mchungaji akauliza nani amemleta mgeni huyu. Kimya hata hakupepesa jicho. Nikainua mikono yote miwili. Vijana wakapiga makofi. Kutoka nyuma Mjomba akakohoa, kikohozi nikijuacho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaripiwa karakanani, nimepewa miezi mitatu ya kupiga msasa tu. Sawa. Lakini tupige hesabu kwa utulivu. Bila randa kupotea, Mjomba angekuja? Asingekuja. Randa nani aliificha? Basi. Njia inafanya kazi, kosa lilikuwa gunia.

Sasa nina shemeji, mume wa dada. Kinyozi. Jumapili hulala mpaka mchana. Anamiliki mashine moja tu ya kunyolea na anaipenda kuliko dada.

Jembe langu, ungekuwa mimi, ungeificha wapi?