Majalada Thelathini na Manane

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepewa ufunguo wa chumba cha mashini, zile kompyuta za chuo. Mimi! Gaspard, apariteri wetu, mwandikishaji wa wanafunzi, aliutaka sana, akaukosa. Abaki na makaratasi yake na mihuri yake. DG, mukubwa wa chuo chetu cha ualimu, ameeleza kwamba vita imekula madaftari ya wanafunzi wengi. Kwa hiyo sasa kila mumoja ana jalada lake ndani ya mashini, kwenye jukwaa la masomo: masomo aliyofundisha kwenye staji, yale mazoezi ya kufundisha, picha, na ukurasa wa kusema mwenyewe staji ilimufunza nini. Juri inayasoma Ijumaa. Jalada likiwa tupu, hakuna diploma.
Nikafungua dirisha. Ziwa limetulia, milima ya upande wa Kigoma imefifia ndani ya ukungu. Nikajiona: Papa Néhémie, Direkta wa Masomo ya Mashini, kravati ya buluu, watu wanangoja mulangoni. Nilikaa hivyo mpaka saa sita. Kazi sikufanya.

Jumanne, 3 Juni
Mama Célestine, mumoja wa wanafunzi, amekuja. Alikimbia Uvira mwezi wa pili na watoto watatu, wa mwisho yuko mugongoni. Madaftari yake yaliloa ndani ya boti, wino wote ukaenda na maji. Ameandika yote upya kwa kichwa, na leo tumeyapiga picha na kuyaingiza. Shule ya watoto waliokimbia vita inamungoja. Wamemuambia: asipoleta diploma Jumatatu, nafasi anapewa muntu mwingine. Hana tumaini lingine. Nimesoma mistari mitatu ya ukurasa wake, jamani, machozi! Nikamuambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwangu.

Jumatano, 4 Juni
Balaa! Nimefungua majalada mengine. Matupu! Damien, golikipa wetu mwenye ndevu, ameweka picha moja tu: yeye mwenyewe na suti. Juri ikiona hivi, Gaspard atasema jukwaa ni muchezo wa watoto, turudi kwenye makaratasi. Ufunguo wangu kwaheri.
Nikawaza. Upepo wa ziwa unaingia, mashini inavuma polepole, macho yanalegea... Mara, mupango! Ukurasa wa Mama Célestine ni muzuri. Kwa nini akae nao peke yake? Nikaunakili ndani ya majalada yote thelathini na saba yaliyobaki. Kuusoma mpaka mwisho sikupata muda. Saa kumi kila jalada lilikuwa limenona. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki hata njia niliyopita.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeota muchana kweupe. Meli ilipiga honi bandarini, nikadhani ni mimi ninaitwa. Gaspard akapita kuuliza kama yote yako tayari. Nikamujibu aende ahesabu mihuri. Amenuna. Raha gani hii!

Ijumaa, 6 Juni
Leo niandike yote.
Mama Générose, mukubwa wa juri, anasoma kwa sauti na hana haraka. Ameanza na Damien. Akasoma kwamba Damien alipokuwa anafundisha kugawanya kwa kutumia ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mutoto wake alilia, akaketi mbele ya darasa, akamunyonyesha huku hesabu inaendelea. Watu wote wakamuangalia Damien. Damien akaangalia kifua chake. Jalada la pili, Frère Salomon, mutawa wa misheni ya Mpala: naye amenyonyesha! Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mimi nilikuwa ninatafuta mulango.
Mama Générose hakucheka. Akasema huu ni wizi, majalada yote yafungwe, diploma mwaka ujao. Yote! Mama Célestine akasimama, akasema ukurasa ule ni wake, aliuandika kambini juu ya gunia la unga, na Jumatatu njo maisha yake na ya watoto. Akajibiwa kwamba kila muntu atasema hivyo. Roho iliniuma vibaya. Nilitaka kusimama. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.
Hapo njo Gaspard akainuka. Gaspard! Akasema jukwaa linaandika nani ameweka nini, na saa ngapi. Kumbe alikuwa anajifunza kwa siri, mujanja yule! Wakaonyesha ukutani: Célestine, Jumanne. Halafu Jumatano: Néhémie, Néhémie, Néhémie, mara thelathini na saba. Sijawahi kuona jina langu kubwa hivyo. Kidogo nilifurahi.
Mama Célestine amepita, diploma anayo. Wanawake wa kambini wamemumwagia poda kichwani, njo desturi yetu ya kushangilia diploma, mpaka mutoto akapiga chafya. Wengine wamepewa juma mbili waandike ya kwao. Ufunguo umeenda kwa Gaspard. Mimi nimepewa jenereta ya chuo, niitilie mafuta.

Jumatatu, 9 Juni
Mama Célestine amepita hapa kwenye jenereta akitoka darasani, siku yake ya kwanza, vidole vyeupe kwa chaki. Amesema amenisamehe. Anaomba kitu kimoja tu: nisiguse tena maandishi yake bila kumuuliza. Nimelia kama mutoto. Nimeapa mbele yake, kwa kaburi la mama yangu kule Niemba.
Na neno langu nitalishika. Kiapo kimeanza leo. Ule ukurasa wake niliotuma Lubumbashi, kwenye shindano la walimu lililotangazwa redioni, huo niliutuma jana. Nimeweka majina yote mawili, mimi si mwizi. Langu liko mbele kwa sababu mimi ni mukubwa wake kwa umri.